Kifaa Kimoja Kinatikisa Fuvu Zima, Sasa cha Pili cha Nini?

Kwenye vyumba vya madaktari wa masikio kuna kichuma kidogo cha meno mawili, kama uma wa mezani uliong'olewa meno ya katikati. Daktari hukigonga kwenye goti au kiwiko chake, kikishaanza kuvuma hukisimamisha mkia wake katikati ya paji la uso la mgonjwa na kuuliza, "Unaisikia upande gani?" Mwenye masikio mazima hujibu, "Kote," au "Katikati." Sauti hiyo haikulihitaji tundu la sikio. Mfupa wa paji umetikisika, fuvu likatikisika nalo, na mtikisiko ukazifikia koklea zote mbili, yale makombe madogo ya sikio la ndani yaliyojisokota kama gamba la konokono. Kipimo hiki kinabeba jina la Ernst Heinrich Weber, Mjerumani aliyelieleza jambo hili mwaka 1834.

Jibu hilo la "kote" ndilo chanzo cha ubishi ninaotaka kuufungua hapa. Dada yangu aliambiwa mwanawe anahitaji kifaa cha kusikia kupitia mfupa, na kwamba ingefaa awe navyo viwili, kimoja kila upande. Akanipigia simu jioni ile, ameshaona bei, sauti imepanda. "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Wameniambia wenyewe kuwa kimoja kinatikisa kichwa kizima na mtoto anasikia masikio yote. Sasa cha pili ni cha nini kama si biashara?"

Ni swali la akili, na wataalamu wenyewe walibishana juu yake kwa miaka. Jibu lake halimo kwenye mfupa peke yake.

Kwanza tuweke sawa kifaa tunachokizungumzia. Sauti ya kawaida hupita hewani, inaingia kwenye tundu la sikio, inagonga kiwambo, inatikisa vifupa vitatu vya sikio la kati, ndipo inafika kwenye koklea. Njia hiyo inaweza kuziba au kukatika huku koklea yenyewe ikiwa nzima kabisa. Kuna watoto wanaozaliwa bila matundu ya masikio. Kuna wenye kiwambo kilichotoboka na sikio linalotoa usaha mwaka hadi mwaka, tatizo ambalo kwetu Afrika Mashariki tunalijua vizuri, na kuna ambao vifupa vimeliwa na ugonjwa huo huo wa usaha. Njia ya hewa ikifungwa kabisa, mtu anapoteza hadi desibeli 60 hivi (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), na mazungumzo ya kawaida kutoka umbali wa mita moja nayo yako kwenye desibeli 60 hivi. Kwa hiyo mtu huyo anaona midomo ikicheza na kusikia kama mnong'ono kutoka chumba cha pili.

Shimesikio la kawaida, lile la kuchomekwa sikioni, linamsaidia mwenye tundu kavu. Asiye na tundu atalichomeka wapi? Na sikio linalotoa usaha, ukiliziba kwa plastiki kutwa nzima, unyevu unabaki ndani na usaha hauishi. Hao ndio hupelekwa kwenye njia ya pembeni: kifaa kinachonasa sauti kwa maikrofoni, kinaigeuza kuwa mtikisiko, na kuupeleka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Koklea haijui wala haijali sauti imepita mlango gani.

Wala tusikichanganye na kile kinachopandikizwa ndani ya koklea, ambacho Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kukipandikiza mwaka 2017. Hicho ni cha mtu ambaye koklea yake imeshindwa kazi. Hiki cha mfupa ni cha mtu ambaye koklea yake inafanya kazi, ila inasubiri sauti isiyofika.

Njia ya mfupa yenyewe ni ya kale, lakini kubandika kitu kwenye fuvu kikakaa ni jambo la juzi. Lilianzia Sweden. Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, akagundua kuwa vyombo vyake vya titani havitoki tena mfupani. Mfupa umeota ukaikumbatia ile metali. Mwaka 1965 alimwekea binadamu mizizi ya meno ya titani. Mwaka 1977, huko Gothenburg, daktari wa masikio Anders Tjellström akishirikiana na Brånemark aliwawekea wagonjwa watatu skrubu ya titani nyuma ya sikio, kisha wakabandikiwa kifaa cha kutikisa juu yake. Mhandisi Bo Håkansson wa chuo cha Chalmers alishughulika na kifaa chenyewe, maana vitikisaji vya zamani vilikuwa vizito na sauti yake mbovu. Kwa miaka mingi baada ya hapo mgonjwa alipewa kimoja tu, kwa hoja ile ile ya dada yangu. Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa iliruhusu kifaa hiki mwaka 1996, ikakiruhusu kwa watoto kuanzia miaka 5 mwaka 1999, na kuvaa viwili kukaruhusiwa mwaka 2001. Tangu wale watatu wa Gothenburg hadi ruhusa hiyo ni miaka 24.

Mpwa wangu alizaliwa na vijisikio vilivyokunjamana, na matundu hayapo pande zote mbili. Koklea zake ni nzima, vipimo vilionyesha hivyo akiwa mchanga. Alipoanza, alivalishwa mkanda laini wa kuvutika kichwani, kama ule wanaovaa wacheza tenisi, wenye kifaa kilichobanwa nyuma ya sikio la kulia. Fuvu la mtoto mdogo ni jembamba mno kwa skrubu, kwa hiyo mkanda ndio mwanzo wa kawaida. Kwa kifaa kimoja mtoto alianza kuokota maneno, na dada yangu alikuwa na kila sababu ya kuridhika.

Siku moja tumekaa mkekani tunakula, bibi yake yuko jikoni, upande wa kushoto wa mtoto. Bibi akamwita jina. Mtoto alisikia, hilo halina ubishi: aliacha tonge hewani, macho yakamtoka. Kisha akageuka kulia, kwenye dirisha ambako hapakuwa na mtu. Bibi akaita tena. Mtoto akaangalia dirisha tena, halafu akatupitia nyuso zetu mmoja mmoja kutafuta nani ameita. Mimi nikamwonyesha jikoni kwa kidevu.

Jambo lililotokea pale mkekani ndilo ambalo uma wa daktari hauwezi kukuonyesha.

Uma unawekwa juu ya kichwa. Chanzo cha mtikisiko kiko hapo hapo kwenye mfupa. Maishani sauti haitoki kwenye mfupa. Inatoka jikoni, barabarani, kwa mwalimu aliyesimama karibu na mlango. Lazima kwanza iifikie maikrofoni, na maikrofoni iko upande mmoja wa kichwa. Sauti ya upande wa pili inabidi izunguke kichwa ili kuifikia, na kichwa ni kitu kizito kuzungukwa. Sauti nene, kama ngurumo ya lori au irabu za mtu mwenye sauti nzito, huzunguka bila shida kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko kichwa chenyewe. Sauti nyembamba hukwama. Zile za juu kabisa zinaweza kupungua hadi desibeli 20 upande wa kivulini. Na konsonanti zinazotofautisha maneno, kina *s*, *sh*, *f* na *t*, zinaishi huko juu. Kwa hiyo mtu wa kifaa kimoja, ukimsemesha upande usio na kifaa, anaweza kuipata sauti na kukosa neno. Anajua umesema, hajui kama umesema *fika* au *shika*.

Kwa lugha nyingine, koklea mbili zinafikiwa, sawa, lakini zinafikiwa na kile kilichosikiwa na maikrofoni moja. Ni kama nyumba yenye vyumba viwili na dirisha moja. Vyumba vyote vinapata mwanga, ila kinachoonekana nje ni cha upande ule wa dirisha tu. Kifaa cha pili kinafungua dirisha la upande wa pili, na hii ndiyo faida yake ya kwanza, ambayo sijaona mtaalamu akiipinga: hakuna tena upande wa kivulini. Mwalimu akitembea darasani, mtoto hahitaji kuzungusha kichwa kumfuata. Abiria wa upande wowote kwenye daladala anasikika.

Faida ya pili inahitaji maelezo zaidi, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazuri.

Sisi tunajuaje sauti imetoka wapi? Sauti ya kushoto inalifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia. Mapema kiasi gani? Chukua sekunde moja, igawe vipande 1,000; hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, tofauti haifiki kipande kimoja, ni takriban 0.7. Na ubongo una uwezo wa kutambua tofauti ndogo kuliko hiyo mara nyingi, hadi sehemu kama 10 katika milioni moja za sekunde. Pia sauti hiyo ni kubwa zaidi kwenye sikio la karibu, kwa sababu ya kile kivuli cha kichwa. Mishipa kutoka koklea mbili hukutana chini kwenye shina la ubongo, hapo hesabu ya muda na ukubwa inafanyika kabla wewe mwenyewe hujajua kama umesikia kitu. Ndiyo maana ukiitwa unageuka kwanza, ndipo unafikiri.

Hesabu hiyo inahitaji taarifa mbili zinazotofautiana. Kwa kifaa kimoja koklea zote mbili zinapata taarifa ile ile, kutoka mdomo ule ule, na tofauti inayobaki ni ya safari ya mtikisiko ndani ya fuvu, ambayo haibadiliki hata mwitaji ahame. Bibi akiita kutoka jikoni au dirishani, koklea za mpwa wangu zinasema jambo moja: *sauti iko upande wa kifaa*. Akageuka kulia. Hakukosea; aliitii taarifa aliyopewa.

Sasa vaa viwili. Je, kila koklea inapata taarifa yake? Hapo ndipo mwenye shaka ana haki ya kuinua mkono, kwa sababu jibu ni: kwa sehemu. Kwenye hewa kichwa ni ukuta. Kwenye mfupa kichwa ni daraja. Ukimvalisha mtu spika za masikioni na kupiga sauti upande wa kushoto, sauti inayovuka kwenda kulia imepungua kwa desibeli 40 au zaidi, yaani kama haipo. Mtikisiko wa mfupa ukivuka kutoka upande hadi upande unapungua kwa kiasi kidogo tu: karibu na sifuri kwenye sauti nene, na desibeli 10 hivi kwenye sauti nyembamba, ukitofautiana kati ya fuvu na fuvu. Maana yake kifaa cha kushoto kinaisemesha koklea ya kushoto, na kinavujisha maneno yale yale kwa ya kulia. Cha kulia kinafanya vivyo hivyo. Mitikisiko miwili inakutana ndani ya kichwa, mahali pengine ikijumlishana, mahali pengine ikipunguzana.

Kwa nadharia, uvujaji huo ungetosha kuharibu hesabu yote. Wahandisi wengi walidhani hivyo. Ila nadharia si kipimo. Mwaka 2001 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliovaa vifaa viwili. Waliwaketisha katikati ya spika, sauti zikapigwa kutoka pande mbalimbali, mgonjwa akaonyesha imetoka wapi. Kwa kifaa kimoja walikuwa karibu na kubahatisha. Kwa viwili waliboreka waziwazi. Hawakuwa sawa na mtu mwenye masikio mazima, na hakuna aliyedai hivyo, lakini uvujaji haukuua kila kitu. Zile desibeli chache zinazopotea njiani, pamoja na tofauti ndogo za muda, zinatosha kuupa ubongo pa kushikia.

Nafikiri hapa ndipo wauzaji na wapinzani wote wanapoteleza. Wauzaji huchukua faida za masikio mawili ya hewani na kuzinakili kama zilivyo kwenye vijitabu vyao vya rangi. Wapinzani huchukua uma wa Weber na kusema faida ni sifuri. Ukweli uko katikati, tena si katikati kamili: kwenye kuondoa upande wa kivulini faida ni kubwa, kwenye kujua sauti imetoka wapi ni ya wastani, na kwenye mambo mengine inategemea umekaa wapi.

Faida ya tatu ni nyepesi kueleza. Vifaa viwili vikizungumza pamoja, sauti inajumlishana na mtu anaweza kusikia iliyo ndogo zaidi, kwa desibeli chache, bila mtu kuongeza sauti ya kifaa. Desibeli chache zinasikika kama chenji, lakini kwenye kuelewa sentensi si chenji. Mtu akiwa kwenye ukingo ule ambapo nusu ya maneno yanamponyoka, kila desibeli moja inaweza kumrudishia kama asilimia 10 ya anachoambiwa.

Mwaka 2012 kulichapishwa mapitio yaliyokusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu swali hili hili, kimoja au viwili. Yalikuta viwili vinashinda kwenye kusikia sauti tupu, kwenye kuelewa maneno mahali patulivu, kwenye mazingira kadhaa ya kelele, na kwenye kujua mwelekeo, na wavaaji wenyewe walisema wanaona tofauti. Yalikuta pia mazingira ambayo viwili vinashindwa na kimoja. Sehemu hiyo ya mwisho huwa haifiki kwenye vijitabu, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Fikiria uko kwenye harusi. Mwenzako amekaa kulia kwako, upande wa kifaa, na spika ya muziki iko kushoto. Una kifaa kimoja tu, cha kulia. Maikrofoni yako iko karibu na mwenzako, na kichwa chako kimesimama kama ukuta kati yake na spika. Uko vizuri sana. Sasa washa cha kushoto. Umefungua dirisha upande wa kelele, na kwa kuwa fuvu ni daraja, kelele hiyo haibaki kwa koklea ya kushoto. Inavuka na kumfunika mwenzako kulia. Mtu mwenye masikio mazima angefanya nini? Ubongo wake ungelitegemea sikio la kulia, lililo upande wa kivuli, na kulipuuza la kushoto. Lake la kulia lina kivuli cha kweli. Lako halina, kwa sababu limevujishiwa. Kwa kikao hicho, kifaa kimoja kingekuwa bora.

Geuza viti: mwenzako kushoto, spika kulia. Sasa mwenye kifaa kimoja cha kulia yuko taabani, na mwenye viwili ana nafuu. Kwa kuwa hatuchagui kiti chetu duniani kila siku, ukijumlisha siku nzima viwili vinabaki mbele. Na mwenye viwili ana kitu ambacho wa kimoja hana: anaweza kukizima kimoja. Watu wazima waliovizoea hufanya hivyo bila hata kufikiri, kidole kinapanda nyuma ya sikio, kinabonyeza, mazungumzo yanaendelea. Mtoto wa miaka mitatu hawezi, na mzazi akilijua hilo ataelewa kwa nini mwanawe analia kwenye sherehe na kuvuta mkanda.

Sasa, nani havimfai viwili? Mtu aliyekufa sikio moja huku la pili likiwa zima kabisa anaweza kupewa kifaa cha mfupa upande uliokufa, kiipeleke sauti kwa koklea nzima ng'ambo. Huyo kimoja ndicho dawa yake. Cha pili hakina pa kwenda. Pia mwenye koklea mbili zisizolingana. Ruhusa ya Marekani ya kuvaa viwili ilitaka usikivu wa mfupa wa pande mbili utofautiane kwa wastani usiozidi desibeli 10. Sababu unaiona mwenyewe: ikiwa koklea moja ina nguvu kuliko nyenzake kwa mbali, uvujaji utahakikisha hiyo ndiyo inasikia kila kitu, kutoka vifaa vyote viwili. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kipimo cha usikivu, usiangalie tu mistari ya hewa. Mistari ya mfupa, wa kulia na wa kushoto, ndiyo inayosema kama cha pili kina kazi, na mtaalamu asiyeweza kukuonyesha mistari hiyo miwili kwa kidole chake hajafika mahali pa kukushauri ununue viwili.

Kuna gharama zisizo za pesa. Skrubu ya titani ina urefu wa milimita 3 au 4, inazamishwa mfupani nyuma ya sikio kwa upasuaji mdogo ambao mtu mzima mara nyingi hufanyiwa kwa ganzi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, kisha mfupa hupewa wiki kadhaa au miezi ya kuikumbatia, mtoto zaidi. Kwenye mfumo wa skrubu inayotokeza nje, ngozi inayoizunguka ni ya kusafishwa kila siku kwa maisha yote, kwa brashi laini, maji na sabuni. Ikizembewa inavimba, inatoa majimaji, na wakati mwingine inaota juu ya chuma. Vifaa viwili ni vidonda viwili vinavyoweza kutokea. Ndiyo maana siku hizi kuna mifumo ambayo kila kitu kimelazwa chini ya ngozi na cha nje kinashikwa kwa sumaku. Ngozi inabaki nzima, ila sumaku ina masharti yake mtu akitaka kupigwa picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku kubwa, na ni ya kuulizwa kabla.

Halafu kuna pesa. Kile kisanduku cha nje kinauzwa kwa maelfu ya dola, na si mara moja kwa maisha. Joto, jasho na vumbi ni maadui wake. Betri za zinki, ukishabandua kibandiko chake, zinaanza kuisha uvae usivae. Maoni yangu, na najua wapo watakaoyapinga: familia yenye uwezo wa kuhudumia kifaa kimoja vizuri, chenye betri kila siku na fundi anayefikika, isijinyime ili kununua viwili vitakavyolala kabatini baada ya mwaka. Lakini kwa mwenye koklea nzima pande zote na njia ya kuvihudumia, viwili si anasa, na kwa mtoto anayejifunza lugha ningeviweka mbele ya mambo mengi. Shina la ubongo linajifunza kulinganisha pande mbili katika miaka ya mwanzo. Taarifa mbili zisipokuja, halina cha kulinganisha. Na kifaa kimoja kikiharibika katikati ya muhula, mtoto wa viwili anaendelea na darasa, wa kimoja anarudi kwenye mnong'ono.

Uzuri wa kifaa hiki, tofauti na upandikizaji mwingi, ni kwamba unaweza kukijaribu kabla ya kukatwa popote. Mkanda unabeba kimoja au viwili. Ngozi na nywele zinakula sehemu ya nguvu, hasa sauti nyembamba, kwa hiyo unachosikia kwenye mkanda ni kiasi kidogo chini ya utakachosikia kwenye skrubu, lakini tofauti kati ya kimoja na viwili inaonekana hapo hapo. Dada yangu aliomba cha pili kwa wiki mbili. Waliovijaribu watakuambia wiki ya kwanza si ya kuhukumia, na kweli, mtoto alivua mkanda mara tatu siku ya kwanza na kuuficha chini ya mto.

Wiki ya pili tulifanya jaribio letu la kienyeji. Mtoto akakaa katikati ya sebule na magari yake, redio imezimwa. Mimi kulia, bibi kushoto, mama yake nyuma, tunamwita kwa zamu bila mpangilio, midomo tumeificha kwa kanga ili asituone. Mara kumi na mbili kimoja kikiwa kimezimwa, mara kumi na mbili vyote vikiwaka, mtu mmoja anaandika. Kwa kimoja, bibi alipomwita, aligeukia kwangu karibu kila mara. Kwa viwili alimpata bibi mara tatu katika nne. Mama yake aliyekuwa nyuma hakumpata hata mara moja; mtoto alimtafuta mbele, na hilo halikutokana na kifaa. Kutofautisha mbele na nyuma ni kazi ya mikunjo ya sikio la nje, ambayo yeye hana.

Dada yangu aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye mkoba pamoja na karatasi ya vipimo, ya kwenda nayo kliniki. Mtoto alitaka tuendelee. Alishaupenda mchezo, na sasa yeye ndiye alijifunika kanga, akaanza kutuita sisi.